Aliyejibu Kabla ya Wanjira

Alhamisi hiyo, jua likikaribia kuzama, Wanjira alimfunga mwanawe Njoroge mgongoni, akachukua jembe dogo na kutoka nje kuufuata waya wa simu.

Ndivyo alivyoelekezwa na Kalama, fundi wa simu. Kalama alikuwa amekuja mara mbili pale kwao Barani, mtaa wa Malindi. Alifungua mkono wa simu, akapanda nguzo, akasema haoni kosa. Kama waya una ugonjwa, basi uko kati ya nguzo na mlango. Mama autazame taratibu, penye unyevu au palipochubuka.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa uzito. Ukiinua simu, mlio ulikawia kuja. Ukisema neno, mwenzako alilisikia baada ya muda, na wewe mwenyewe ulilisikia likikurudia... nyuma kidogo, kama mtu anayekufuata akikuiga. Thuku, mumewe, alilalamika sana. Alikuwa fundi wa pampu katika hoteli moja ya ufuoni, na simu ile waliwekewa ili aitwe maji yakikatika.

Lakini Wanjira hakuwa na haja ya pampu. Alikuwa akimngoja mamake.

Mamake aliishi bara, Nyahururu. Kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni alipiga simu kutoka duka la jirani. Wiki tatu nyuma alipiga wakati wanawake wa kanisa wamejaa sebuleni. Wanawake hao walijua kwamba Wanjira ameolewa kwa harusi, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia. Kumbe alitoroka na Thuku, na swali la kwanza la mamake lilikuwa lile lile siku zote: huyo kijana atakuja lini kujitambulisha? Na mamake alikuwa na sauti kubwa. Chumba kizima kingesikia.

Basi alipoitwa, "Wanjira?" aliigeuza sauti.

"Wanjira hayuko," alisema kwa Kiswahili. "Mimi ni mfanyakazi."

 Mamake akasema polepole, "Asante, mama. Mwambie nilipiga."

Aliijua sauti ya mwanawe. Angekosaje kuijua?

Tangu siku hiyo, simu ya Alhamisi ililia mara moja tu na kunyamaza. Wanjira alipojaribu kupiga yeye, laini ilikawia hadi duka likafungwa. Alianza barua mbili, akazichana zote. Aibu haikumpa maneno ya kuandika.

Waya ulishuka kutoka kwenye nguzo, ukapita ukutani, ukaingia ardhini penye kizingiti. Thuku ndiye aliyeufukia hapo ili mbuzi wasiutafune. Wanjira alichimba. Udongo ulikuwa na unyevu, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Ulinuka ubani uliochanganyika na kitu kilichooza.

Jembe likagonga chungu.

Kilikuwa kidogo, mdomo wake umefungwa kitambaa cheusi. Waya ulikuwa umezungushwa shingoni mwake mara tatu. Thuku aliulaza umenyooka. Wanjira alikuwapo, alimwona.

Alimwita Mama Charo, mwenye nyumba. Mama Charo alikuja, akaona, hakukaribia. Akamwambia kwamba hilo ni fingo la marehemu mumewe, lililofukiwa kuilinda nyumba. Kazi yake ni kumzuia yule ambaye mkaaji wa nyumba hamtaki.

"Mama Njoroge," alinong'ona, "ni nani uliyemkana mlangoni hapa?"

Wanjira akatazama chini. Mwisho akamsimulia habari ya mamake na ile simu.

"Basi nalo linamkana kwa niaba yako. Uliyasema mbele ya watu, ukayatangue mbele ya watu hao hao. Nenda sasa hivi. Nyumba ya Jedida si hapo tu?"

Jedida alikuwa kiongozi wa wanawake wa kanisa. Taa yake ilionekana. Wanjira alipiga hatua nne kuelekea huko. Akawaza jinsi Jedida atakavyoinua nyusi, jinsi habari itakavyofika hotelini kabla ya kesho. Akarudi.

"Nitawaambia Jumapili," alisema.

 Mama Charo alijifunika leso, akaenda zake.

Saa kumi na mbili, simu ikalia. Mara moja.

Safari hii Wanjira alikuwa karibu. Aliinyakua.

"Maitu! Mama, ni mimi!"

Hakusikika. Kulikuwa na mtu anayezungumza tayari.

Ilikuwa sauti yake.

Ilizungumza Kikuyu safi, kwa upole. Ilisema, mama, nisamehe, niliona haya mbele ya wageni. Ilisema yote, neno kwa neno, maneno ambayo Wanjira alikuwa ameyapanga usiku wa wiki tatu bila kuthubutu kuyatoa. Upande wa pili mamake alikuwa akilia.

"Mama, si mimi huyo! Mama!"

Neno lake likaondoka, likakawia... likamrudia yeye mwenyewe sikioni.

"Yamekwisha, mwanangu," mamake alisema. "Nimekusamehe."

"Basi njoo," ile sauti ikasema. "Panda basi kesho. Jumamosi nitakupokea mwenyewe."

Halafu laini ikawa nyepesi kabisa, safi kama mpya.

Ijumaa asubuhi, akiogopa kuigusa simu tena, Wanjira alipeleka telegramu kumzuia mamake asije. Jibu likaja kutoka dukani kwamba mamake ameshaondoka. Jumamosi alikaa kituo cha mabasi cha Malindi tangu alfajiri, mtoto mgongoni. Basi la Mombasa lilipofika, alihesabu kila aliyeshuka. Mamake hakuwamo.

Alimuuliza kondakta habari za mwanamke mzee wa bara, mwenye kikapu na sauti kubwa. Kondakta alimkumbuka mara moja. Kule Kilifi, alisema, abiria wote walishuka ili kuvuka kwa feri, kama kawaida. Ng'ambo ya pili mzee hakurudi ndani ya basi. Binti yake alikuwa amekuja kumpokea.

"Binti gani?"

Kondakta alifungua mdomo kujibu. Akamtazama usoni, akamtazama mtoto mgongoni. Akarudi nyuma mpaka akagusa basi.

Jioni hiyo Wanjira alikuwa kivukoni Kilifi. Waliowaona walikuwa wengi. Wanawake wawili, walisema, waliiacha barabara na kufuata njia ya mikoko, mdogo amebeba kikapu, mkubwa amemshika mkono.

Mchuuzi mmoja wa korosho aliongeza kwamba yule mzee alikuwa akicheka njia nzima, kama mzazi aliyepokewa vizuri.

Wanjira alikaa kwenye mchanga. Katika miaka yote aliyoishi naye, hakukumbuka kumchekesha mamake hivyo hata siku moja.