Kidani cha Chupa

Asubuhi. Stoo ya nyuma ya duka la viatu.

Chuma alichora ramani ya jumba la mnada sakafuni kwa chaki. Mlango wa mbele. Kabati la vito vya kale. Mlango wa nyuma, gari likiunguruma. Jumba lina mlinzi mmoja tu, tena mzee. Dereva angekaa kwenye usukani. Fundi angechagua.

Fundi alikuwa dada yake Dereva. Alitengeneza vito kwa sonara mmoja miaka mingi, hadi alipomwambia mteja, mbele ya watu, kwamba pete aliyouziwa ni chupa. Akafukuzwa. Hakuna sonara mwingine aliyemtaka. Chuma alimtaka.

"Shabaha ni kidani cha yakuti nyekundu," Chuma alisema.

"Nikishakishika ndipo nitakuambia," Fundi alijibu. " Nyuma ya kioo, kila kitu ni yakuti."

Adhuhuri.

Waliingia wamefunika nyuso. Chuma akawalaza watu wote chini, akavunja kabati. Fundi hakuwa na papara. Alitia mfukoni pete kadhaa na pini ya kifuani iliyofifia kwa uchafu. Kidani akakipulizia pumzi. Ukungu ukaganda juu ya jiwe, ukakataa kuondoka. Kona zimelika. Ndani, vipovu.

Akakirudisha. "Chupa. Twende."

Walishafika mlango wa nyuma Chuma alipogeuka. Alisema hakuja kuokota makapi. Akarudi kukichukua, na kuchelewa huko kukampa mlinzi nafasi ya kuifikia bunduki yake. Risasi ikavunja dirisha la gari, ikazama pajani mwa Dereva. Akaendesha hivyo hivyo, meno yameumana, mpaka stoo.

Alasiri.

Fundi alimfunga mdogo wake jeraha kwa mtandio, akataka apelekwe hospitali. Chuma akasema hatoki mtu. Aliamini Fundi amekikataa kidani ili akirudie peke yake. Akamwelekezea bastola kichwani.

"Sema ni yakuti."

Fundi akachukua tupa ya fundi viatu, akalikwaruza jiwe mbele ya macho ya Chuma. Tupa ikang'ata. Unga mweupe ukadondoka.

"Yakuti hailiwi na tupa. Mdogo wangu anavuja damu kwa ajili ya kipande cha chupa."

"Nitakuua."

"Niue. Kitabaki chupa."

Ving'ora vikalia nje. Gari lenye dirisha lililovunjika halikuwa gumu kulipata. Chuma akamwamuru Fundi atangulie mlangoni, awe ngao yake. Fundi akaketi chini, akakandamiza jeraha kwa mikono miwili.

"Dada, nenda," Dereva alinong'ona.

"Nyamaza. Tunza nguvu."

Chuma alimvuta bega. Hakunyanyuka. Mwishowe Chuma akakitia kidani mfukoni, akatoka peke yake, bastola mbele. Milio ya risasi ikafuatana huko nje, kisha kimya. Fundi hakugeuza shingo.

Askari wakaingia. "Mikono juu!"

"Siinui," alisema. "Nikiinua, huyu anakufa. Leteni machela."

Wakatazamana. Mmoja akairudisha bunduki begani, akakimbilia machela.