Malkia Wawili wa Mazengo

Ndugu zangu wa Rungwa, sogeeni niwaambie, maana jambo hili lilituchanganya wote, na wapo ambao mpaka leo hawalielewi.

Mazengo mlimjua. Mrina asali yule, hakuvaa hata wavu usoni. Asubuhi moja alikuwa uani anachuja asali, mkewe Scholastika anayeyusha nta, wanataniana kama kawaida yao. Ghafla mke akamkazia macho shavuni.

"Baba Kefa, hicho kiuvimbe ni cha lini?"

"Si nyuki huyo! Mke wa mrina asali hujazoea tu?"

Nyuki! Uvimbe wa nyuki unauma, unawasha, halafu unakwisha. Huu ulikuwa mwekundu wa zambarau, hauumi hata kidogo, na kila wiki unakua. Lakini nani angemfundisha Mazengo habari za nyuki? Akawa anapaka asali. Baadaye akakonda, akawa anaamka shuka zimelowa jasho, na shingoni yakamtoka matezi.

Scholastika akamkokota hospitali. Wakamkata kipande kidogo cha nyama shavuni, wakapima. Majibu: saratani ya ngozi, tena ya aina adimu. Wakamtuma hospitali kubwa zaidi, na kaka yake Antipasi akawasindikiza. Kule wakapima na tezi la shingo.

"Mzee," daktari akasema, "hii ya shingoni ni limfoma, saratani ya tezi."

"Kule wamesema ngozi. Sasa ni ngozi au tezi?"

"Zote mbili, mzee."

Antipasi akasimama. "Zote mbili! Huyu anasema hivi, yule anasema vile. Hawa wanabahatisha tu. Mdogo wangu, twende nyumbani."

Daktari akawasihi wakae awaeleze. Wapi! Mazengo akatikisa kichwa, akasema, "Mzinga mmoja haukai malkia wawili."

Basi, kauli hiyo ikawa ndiyo hukumu. Ikafika kijijini kabla yao, kila mtu akairudia kana kwamba imetoka madhabahuni. Scholastika alilia njia nzima. "Kama kuna aliyedanganya, niambieni ni yupi!" Hata yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kinamzunguka.

Shingo ikapewa dawa ya mizizi, shavu likapewa asali. Miezi ikaenda. Shavu likapasuka, likaanza kunuka. Siku hiyo Scholastika hakumuuliza shemeji yake wala mtu yeyote. Alimfunga mumewe kanga usoni, akampandisha basi.

Hospitali kubwa wakamlaza, na daktari alikuwa yuleyule. "Shikamoo mzee," akasema, kisha akakaa kitandani kwake. "Saratani ya tezi ilidhoofisha kinga ya mwili wako, hii ya ngozi ikapata nafasi. Sisi na wenzetu wa hospitali ya kwanza wote tulisema kweli. Siku ile tulikuwa na la kufanya. Sasa zimesambaa, tutakupunguzia maumivu."

Mazengo akamgeukia mkewe. Kisha akasema taratibu, "Mama Kefa, unaukumbuka ule mzinga wa kwenye mninga?"

"Naukumbuka. Uliniita nije kushangaa. Malkia wawili, mama na binti yake."

"Kumbe nilijua," akasema. "Nilijua, na bado nikasema vile." Akageukia ukutani, akalia kama mtoto.

Tulimzika kabla ya msimu wa asali. Antipasi alisimama kaburini akiuliza kila aliyempita, "Lakini tungeamini ipi?" Masikini, alikuwa hajaelewa bado.

FUNZO

Jamani, uvimbe usiouma na unaokua haraka, au matezi yasiyokwisha, peleka hospitali mapema, hata kama umezoea kuumwa na nyuki. Na majibu mawili tofauti si lazima moja liwe uongo, maana mwili mmoja unaweza kubeba magonjwa mawili. Kuchanganyikiwa si kosa. Ukichanganyikiwa, kaa palepale uulize tena mpaka uelewe. Mazengo alibakiza swali moja tu, "Zote mbili kivipi?", akainuka akaondoka nalo.