Sentimita Sitini

Caren na Murunga walikutana soko la Kawangware, Jumamosi ya watu kubanana, kila mmoja ameshika mkono wa gauni moja la njano kwenye rundo la mitumba.

"Boss, hii utavaa na nini?" Caren aliuliza.

"Ni ya sista yangu."

"Msalimie. Mwambie nimeibeba."

Akalibeba kweli. Murunga alirudi nyumbani mikono mitupu, namba ya simu tu ndiyo aliyoambulia.

Caren alikaanga samaki Soweto West, Kibera. Kazi ya Murunga ilikuwa ya ajabu kidogo: setilaiti ilipita juu ya maziwa ya nchi kila miezi mitatu, ikarusha mwale wa leza, mwale ukagonga maji ukarudi, naye kwenye kompyuta akajua maji yamepanda au yameshuka, hadi sentimita.

"Basi nipimie kwetu Nyakach, babe," Caren akamwambia, Murunga alipomposa. Ziwa la huko lilikuwa limefurika likameza boma lao, na kaburi la mama yake ndani. Kijiji kizima kilihama. Hakuna aliyebaki huko wa kupigiwa simu aangalie maji. "Siolewi kabla sijasimama kwa mama nimwambie. Siku maji itatoka, leta pete."

Murunga akapima. Maji yalikuwa mita moja juu ya kaburi. Mara ya pili, sentimita sitini. Yalikuwa yanashuka, jamani! Angengoja tu. Lakini Okello, fundi viatu wa Lindi, mtaa wa pili hapo Kibera, alikuwa ameanza kumpelekea Caren soda kila jioni, na wivu ukamla Murunga.

"Sweetie, maji imetoka," akamwambia. "Haki ya Mungu. Kaburi iko kavu."

Caren alilia kwa furaha hadi samaki wakaungua. Murunga alijipa moyo kwamba kabla safari haijapangwa, ziwa litakuwa limeshaugeuza uongo wake kuwa kweli.

Juma lililofuata simu ikalia.

"Niko Nyakach," Caren akasema. "Na mashangazi wawili, na pasta. Maji iko kwa mapaja. Tumetafuta kaburi na miguu, Murunga. Na miguu! Nimemkanyaga mama."

"Caren, mpenzi, nilidhani..."

"Ulijua?"

Murunga akajibu, "Sitini. Sentimita sitini."

Simu ikakatwa.

Setilaiti ilipopita mara ya tatu, kaburi lilikuwa kavu. Murunga alichapisha vipimo, akatoka Kawangware mbio hadi Soweto West. Caren alikuwa kwenye karai lake, gauni la njano limejaa mafuta.

"Maji imetoka, Caren. Saa hii ni ukweli. Enda umuone mama kabla mvua irudi."

"Hata ile siku uliapa."

"Angalia hii karatasi basi!"

Caren aliichukua, akamfungia mteja samaki wawili ndani yake. Hakumtazama tena.

Masika yakaja, na kipimo cha nne kikaonyesha mita mbili za maji juu ya kaburi. Mwezi huohuo Okello alimuoa Caren, na hakuna aliyekwenda Nyakach kumwambia mama.