Sogea Mbele Kidogo

Atakayesema nimesimuliwa, aje aniambie usoni. Nilikuwepo! Nyumba yangu na ya mpiga picha zinashikana ukuta, ukuta una ufa, na jicho langu humwona sisimizi gizani.

Chumba chake cha mbele kilikuwa studio, picha za maharusi na za pasipoti. Tangu amzike mama yake, usingizi ulimhama. Basi usiku akawa anabeba kamera na kupiga picha barabara tupu, azungumze na nafsi yake.

"Unaniacha mimi kitandani unakwenda kupiga picha mitaro?" mkewe alimchamba. "Mitaro inacheka vizuri?"

"Huko natuliza moyo, mke wangu."

Kilichomponza ni mazoea. Kila akitaka kubonyeza, ulimi ulimtoka wenyewe, hata mahali pasipo na paka: "Sogea mbele kidogo. Hapo hapo, tulia."

Picha ya kwanza ilikuwa na doa chini ya taa ya mwisho ya barabara. Akafuta lenzi. Kesho yake doa lilikuwa na mabega. Usiku wa tatu lilikuwa mwanamke mrefu, uso laini kama ganda la yai, na pale pale mpiga picha akasikia harufu ya nywele zinazoungua, na nyuma yake nyayo tupu zilizolowa, chapa, chapa, akikimbia zinakimbia, akisimama zinasimama, hadi akaufunga mlango wake kwa makomeo yote akijua moyoni kwamba kilichokuwa nje kimeshatangulia ndani.

Akaapa hatoki tena usiku. Lakini kazi ni kazi. Asubuhi mkewe, ambaye alitaka pasipoti, akakaa kwenye kiti cha studio.

"Fanya haraka, bwana mitaro."

"Sogea mbele kidogo," akasema, mazoea hayo! "Hapo hapo, tulia."

Mwanga ukamulika. Mkewe akatulia. Akatulia mno, hata kope hakupepesa. Kwenye kioo cha kamera, vidole virefu vilikuwa vimemkaa shingoni.

Shangazi wa mpiga picha, mganga asiyecheka na mtu, aliitwa mbio. Akanusa mlangoni, akarudisha mguu.

"Nani kamkaribisha huyu?"

"Sikumkaribisha, shangazi. Nilikuwa napiga picha tu."

"Mjinga wewe! Ulimwambia asogee, akasogea. Ulimi uliomleta ndio utakaomtoa. Mwambie arudi."

"Ru... rudi nyuma kidogo," akanong'ona.

Vidole vikalegea kimoja kimoja, nyayo zikatoka, chapa, chapa, hadi barabarani, na mke akakohoa.

Haya yote nimeyaona kwa jicho hili. Chumvi nimetia mahali pamoja tu: hapo vidole vilipolegea. Havikulegea. Studio imefungwa, mke bado yupo kitini, na kila usiku, nikitega sikio kwenye ufa, namsikia mumewe akibembeleza: "Rudi nyuma kidogo. Tafadhali. Kidogo tu."

Na jana sauti ya kike isiyo ya mkewe ilimjibu: "Sogea wewe."