Msiinue Kivuli

Kivuli kilikuwa upande usiofaa. Kavutha ndiye aliyekiona kwanza, na Kavutha ni mwalimu wa fizikia, si mtu wa kuona vitu visivyokuwepo.

"Muema, hii picha umepiga saa ngapi?" akaandika kwenye kundi.

"Saa mbili asubuhi, nje ya nyumba."

"Jua lilikuwa wapi?"

"Mbele yake kabisa. Hata alikuwa anakunja macho."

"Sasa hiyo giza kwa shavu la kushoto inatoka wapi?"

Muema aliitazama tena picha yake. Ilikuwa ya binti yake Mutheu, mwenye miaka sita, amesimama mbele ya ukuta mweupe akiwa amevaa sare ya shule. Ukuta uling'aa, kola iling'aa, shavu la kulia liling'aa. Nusu ya kushoto ya uso ilikuwa nyeusi tii, kana kwamba mtu asiyeonekana amesimama karibu naye na kumzibia jua.

Kundi lao liliitwa Picha Moja kwa Siku. Walikuwa watu kumi na wanne wa Machakos na viunga vyake, na hakuna hata mmoja aliyepata ugali wake kwa kamera. Muema mwenyewe alichanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Sheria zao zilikuwa mbili. Picha ya leo ipigwe leo, na ukishaiweka kwenye kundi ni ya wote. Yeyote anaweza kuichukua, akairekebisha mwanga, akairudisha ili mwenyewe ajifunze. Sheria hiyo ya pili walijivunia kuliko vitu vyote.

"Buda, hiyo ni kitu ndogo," akaandika Levi, kijana wa Syokimau ambaye hakukosa la kusema. "Inua kivuli."

Muema akafungua picha kwenye simu, akaweka kidole penye alama ya vivuli, akasukuma kulia. Weusi ukafifia, shavu likaanza kutokea. Lakini halikuwa shavu la mtoto. Ngozi ilikuwa imekunjamana na kushikana, jicho limezibwa na nyama. Kabla hajaelewa anachokiona, Mutheu akapiga yowe sebuleni.

"Moto!" alikuwa akilia. "Mama, naungua!"

Alipofika alimkuta Ndinda, mke wake, amempakata mtoto na kumshika shavu la kushoto. Lilikuwa limewiva kwa wekundu na lina joto la sufuria. Hakukuwa na moto. Walipikia gesi, na gesi ilikuwa imezimwa. Hata hivyo nyumba nzima ilinuka nywele zilizoungua na mafuta ya taa.

Ndinda alidhani mtoto ameumwa na mdudu. Muema hakudhani kitu, kwa sababu lile shavu alilijua. Na hapa inabidi niseme alichofanya, maana yeye mwenyewe alikaa miezi saba bila kukisema.

Mwezi wa pili alikuwa ameenda soko la Mitaboni kutafuta picha. Pale chini ya turubai aliketi Kavata, bibi kizee muuza nyanya, leso imemfunika nusu ya kushoto ya uso. Alipoiona kamera aliinua mkono. "Mwanangu," alisema, "mimi usinipige." Muema akatabasamu, akasema sawa mwaitu, kama anayeongea na mama yake mzazi, akanunua fungu la nyanya. Kisha akavuka barabara, akasimama nyuma ya gari la viazi, akamvuta kwa lenzi ndefu. Upepo ulipopeperusha leso, akabonyeza.

Kivuli cha turubai kilikuwa kimemsitiri mama wa watu. Uso ulizama gizani, na picha ingebaki hivyo isingemdhuru mtu. Kundi ndilo lililolalamika kwamba mwanga hautoshi. Muema akainua kivuli, na kovu la moto likatokea lote. Wenzake wakainua zaidi, kila mtu na toleo lake, wakabishana siku nzima ni lipi lililopendeza. Mmoja akaligeuza toleo lake kuwa stika ya kuchekesha, ile ya kumtumia mtu aliyeamka na pombe za jana. Siku ya soko iliyofuata, stika ilimtangulia Kavata Mitaboni. Vijana wa bodaboda walimwonyesha, wakicheka. Akakunja turubai lake, akaenda nyumbani, na hakutoka tena. Mwezi wa saba walimzika. Muema alipopata habari alisema "pole sana" na kuendelea kupiga picha.

Sasa alirudi mbio kwenye simu. Aliifuta picha ya Mutheu, lakini watu kumi na watatu walikuwa wameshaichukua, kama sheria yao ilivyowaruhusu.

"Tafadhali msiinue kivuli," aliandika. "Hiyo picha ya mtoto wangu, msiiguse."

"Kwani iko nini?" akauliza mmoja.

"Nimeinua kidogo tu," akaandika Levi, na sebuleni Mutheu akalia tena. Dakika tatu baadaye toleo lingine likaingia, na mtoto akalia. Muema alipiga simu kwa kila mmoja, akaomba, akatukana. Wengine waliogopa wakafuta. Wengine, ndivyo watu walivyo, walisikia "msiguse" wakataka kuona kuna nini, na kila aliyesukuma kidole kulia alimchoma mtoto mahali palepale, hadi Ndinda akawa anaitazama simu ya mumewe kama mtu anayetazama nyoka mlangoni. Kufikia siku ya tatu jicho la kushoto la Mutheu halikufunguka.

Hospitalini waliandika mzio. Katekista Urbanus akaja na maji ya baraka, akasema ni jini, akasali kwa saa nzima, na kwa saa hiyo nzima mtoto alilala vizuri. Mama yake Ndinda, ambaye Mutheu alimwita susu kama Wakamba wanavyomwita bibi, alipiga simu kutoka Ekalakala, akasema ni iimu, roho ya mtu aliyekufa na uchungu wake. "Muulize mume wako amemkosea nani," alisema.

Ndinda aliuliza, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie. Muema akamwambia yote. Ndinda hakupiga kelele. Alisema tu, "Enda kwao. Enda sasa hivi."

Kasiva, binti wa Kavata, alikuwa akiuza nyanya chini ya turubai lilelile. Muema alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya wateja. Kasiva alimsikiliza huku akipanga nyanya.

"Mama alilipukiwa na stovu ya mafuta ya taa kabla mimi nizaliwe," alisema. "Mimi mtoto wake, huo upande niliuona siku ya kumwosha kabla tumzike. Siku hiyo tu. Wewe ulionyesha Kenya nzima."

"Nisamehe. Mtoto hajakosa kitu."

"Hata mama hakuwa amekosa."

"Mwambie aache. Wewe ni damu yake, atakusikia."

"Mimi sikumtuma," Kasiva alisema, "na sitamzuia." Akaweka nyanya chini, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Lakini nitakuambia. Usiku ule wa mwisho alikuwa anauliza uso wa huyo mtu wa kamera unakaa aje. Anatafuta wako. Wewe umejaza huko kwa kundi picha za mtoto, za mke, za ng'ombe. Yako iko wapi? Kwa hiyo anachukua anayempata."

Ilikuwa kweli. Katika siku mia nne za Picha Moja kwa Siku, Muema hakuwahi kuonekana hata mara moja. Daima alikuwa nyuma ya kamera, mahali salama.

Alifika nyumbani saa kumi. Jua la jioni lilikuwa likiingia dirishani kwa ulalo, mwanga mzuri ambao siku nyingine angeushangilia. Chumbani Mutheu alikuwa akiugulia maumivu. Muema aliketi chumba cha pili kando ya dirisha, akageuka hadi nusu ya kushoto ya uso ikaingia gizani, akanyoosha mkono, akajipiga picha. Akaiweka kwenye kundi.

"Picha ya leo. Kivuli kimezidi. Inueni, kila mtu, mpaka mwisho."

"Muema, uko sawa?" akaandika Kavutha. "Mimi siinui kitu."

Lakini Levi alikuwa ameshaanza. Joto lilimpata Muema chini ya jicho, dogo kwanza, na harufu ya mafuta ya taa ikajaa chumba, na nyuma ya bega lake mtu akahema, pumzi nzito ya mzee aliyetembea mbali, kisha toleo la pili likaingia na la tatu na la nne, "bado giza, ongeza," "shavu sasa linatokea," "angalieni hiyo ngozi, wueh," na yeye ameuma mkono wa shati asipige kelele kwa sababu ng'ambo ya ukuta, katikati ya moto ule wote, alimsikia Mutheu ameacha kuugulia na anamwambia mama yake kwamba ana njaa, anataka uji, tena na sukari nyingi.

Muema alicheka. Alilia na kucheka, na hakujali kinachomtoka usoni.

"Buda, hii ndio picha yako kali zaidi," akaandika Levi.

Mlango ukafunguliwa. Mutheu alisimama pale akiwa na kikombe, mashavu yote mawili laini, macho yote mawili wazi, na jua la jioni likimwangaza sawasawa pande zote. Muema akamnyooshea mikono, akamwita kwa jina.

Mtoto alirudi nyuma hadi akagonga miguu ya Ndinda.

"Mama," alinong'ona, "huyu susu ametoka wapi?"