Kisogo cha Mama

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni dada mmoja, fundi wa kuandika mabango, na mtaa mzima tunamwita Herufi. Haya alinisimulia yeye mwenyewe, mchana kweupe, akiosha brashi zake kwenye kopo la mafuta ya taa. Na Herufi si mtu wa porojo. Mtu wa porojo ni mimi.

Mkono wake kwenye herufi haukuwa na mpinzani; ananyoosha mstari bila rula kama anamimina uji. Kichwa cha mtu ndicho kilichomtoa jasho. Siku moja kinyozi wa pale kwenye kona alimwomba bango lenye kichwa cha mwanamume anayetazama mbele. Herufi akachora. Wateja walipoliona wakacheka hadi wakashika mbavu, maana macho yalikuwa yamepanda juu kabisa, karibu yaguse nywele. Mmoja akauliza huyu bwana anawaza kwa kutumia nini.

Kinyozi naye alicheka, kisha akamwonea huruma. Akamwambia kuna bwana anafundisha kuchora vichwa kila Jumamosi asubuhi, chumba cha juu, pale kwenye duka la fremu. Twende wote, akasema, angalau nikakusimamie.

Mwalimu alikuwa mtu mwembamba, safi, shati limefungwa vifungo hadi kooni, sauti ya chini. Kilichowapendeza zaidi ni adabu yake. Hakuwahi kumpa mtu kisogo. Hata akifuata chaki mezani alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mkono ukipapasa nyuma, uso wake kwao. Kinyozi alimnong'oneza Herufi kwamba yule amelelewa, si kama wao waliojilea.

Somo la kwanza lilikuwa yai. Walichora yai lililosimama, ncha nyembamba chini, wakapitisha mstari mmoja wa wima katikati na mwingine wa kulala, nusu kwa nusu. Mwalimu akasema macho yanakaa kwenye ule mstari wa kulala. Hawakuamini. Akawaambia wapimane kwa penseli, na kweli, kutoka utosini hadi machoni ni sawa na kutoka machoni hadi kidevuni. Kila anayeanza huyapandisha, alisema, kwa sababu watu hupenda uso na kudharau kichwa. Kati ya jicho na jicho, acha nafasi ya jicho moja. Sikio lianzie kwenye nyusi liishie chini ya pua. Herufi akayashika yote kwa kichwa.

Walipokuwa wanafungasha akawaagiza waje na picha ya mtu anayetazama mbele. Mtu wanayelala naye paa moja. Kisha akaongeza, "Aliye hai."

Herufi akauliza kwa nini wasichore marehemu, maana ndio wanaotafutiwa picha za ukutani.

"Wafu wamekwisha kutulia," alisema Mwalimu, akatabasamu.

Jibu hilo halikumkaa Herufi vizuri. Lakini bango lilikuwa linamsubiri, na kicheko cha wale wateja kilikuwa bado kinamwasha masikioni.

Chini ya paa lake aliishi na mama yake tu. Mama huyo ndiye dunia yake. Baba hakuwahi kuwapo, na Herufi hakuolewa. Kila Jumamosi alasiri mama hukaa kwenye kigoda, Herufi nyuma yake kwenye kiti, anamsuka huku mama anamwaga umbea wa wiki nzima. Chini ya nywele, pale kisogoni, mama ana baka jeusi la kuzaliwa, dogo kama punje ya kunde. Herufi analijua tangu akiwa anabebwa mgongoni. Basi akaiba picha ya mama kabatini, ile aliyopigwa studio mbele ya pazia la maua, akaenda nayo.

Kinyozi alichukua picha ya mjomba wake aliyemlea. Na alichora vizuri hadi Herufi akaona wivu. Mikono inayoshika vichwa mchana kutwa inavijua. Jumamosi ya tatu mjomba alikuwa yupo pale karatasini, kasoro uhai. Mwalimu akaja, akakata kona ya kifutio ikawa kali kama sindano, akagusa mboni moja, kisha nyingine. Kila jicho likapata nukta nyeupe.

"Sasa anakuona," alisema.

Herufi alihisi baridi ya ghafla, akajiambia ni dirisha. Kwake mambo yalikuwa palepale. Mstari anauchora nusu kwa nusu, anauona, anaukubali, kisha mkono unapanda wenyewe na macho ya mama yanaenda kukaa kwenye paji. Mwalimu alisimama mbele yake, akatikisa kichwa. Bado, alisema. Kilichokosewa hakitiwi nukta. Alisema hivyo kwa hasira ambayo Herufi hakuielewa, maana mwalimu gani anamchukia mwanafunzi kwa kosa la mwanafunzi?

Jumamosi ya nne alimkuta Kinyozi amekaa kwenye ngazi. Ndevu zimemwota ovyo, yeye aliyekuwa anajinyoa kila siku.

"Dada," alinong'ona, "tangu Jumamosi sijaona kisogo cha mjomba."

Herufi alidhani ni utani, akangoja kichekesho. Hakikuja. Kinyozi akamweleza kwamba kila Alhamisi humnyoa mzee. Alimaliza mbele, akazunguka nyuma ya kiti ili amalizie, akakuta uso. Akazunguka tena. Uso. Akamwambia mjomba atulie, asigeuke, na mjomba akajibu kwamba hajageuka. Akaweka kioo nyuma yake. Kwenye kioo, uso. Mzee anakula, analala, anaitikia salamu. Ila popote utakaposimama, anakutazama.

"Na macho yana zile nukta," alisema Kinyozi.

Herufi akainua kichwa. Mwalimu alikuwa amesimama juu ya ngazi, anawatazama. Hapo ndipo ile adabu ilipomrudia akilini. Kurudi kinyumenyume. Majuma manne. Yeye naye hakuwahi kukiona kisogo cha yule mtu.

Angeweza kukimbia. Lakini sura ya mama yake ilikuwa mle ndani, ubaoni, imebanwa kwa vibanio. Akapanda. Akapita pembeni ya Mwalimu bila kupumua. Karatasi ilikuwa pale, macho yangali juu, na Mwalimu akaja kusimama mbele yake na kile kifutio chenye kona kali.

"Mama yako ana macho mazuri," alisema taratibu. "Yashushe. Au nipe penseli."

Herufi hakuwahi kumwambia kuwa ni mama.

Alinyakua karatasi. Ilichanika kona. Akashuka ngazi, akaruka miguu ya Kinyozi, akakimbia barabara nzima bila kugeuka. Hakufukuzwa. Hilo lilimtisha zaidi.

Alifika akamkuta mama jikoni anaosha sufuria, kampa mgongo. Kisogo kile pale, na baka lake. Herufi akaketi sakafuni akalia kama mtoto. Mama akamuuliza ni nani aliyekufa, au ni mwanamume, maana kama ni mwanamume alie kwa sauti ya chini, majirani wasije wakafurahi. Alasiri ile Herufi alimsuka mistari minne, mikubwa. Alipofunga wa mwisho ndipo akakumbuka. Karatasi alikuja nayo. Picha ya studio ameiacha.

Jumatatu alirudi. Chumba cha juu kilikuwa kitupu, hata vumbi la chaki hakuna. Muuza fremu akasema yule bwana aliondoka Jumamosi jioni, ila ameacha bahasha ya dada wa mabango. Herufi aliifungulia barabarani. Ilikuwa picha ile ile. Pazia la maua lile lile, gauni lile lile, pindo lile lile lililoliwa na mende. Ila mama alikuwa amegeukia pazia. Ilionekana mistari minne, mikubwa, na chini yake baka.

Kinyozi alifunga duka wiki hiyo, akahama na mjomba wake, na hakuna ajuaye walikoelekea.

Hiyo ni miaka sita sasa. Mama yupo, mzima, mdomo haujapungua makali. Lakini mpiga picha yeyote akimpiga, kinachotoka ni kisogo. Wamebadilisha kamera, wamebadilisha wapiga picha. Mama mwanzoni alicheka, siku hizi hacheki. Mwaka huu alifagia chini ya kitanda cha Herufi akaikuta ile karatasi. Akaitazama muda mrefu.

"Hii ndiyo sura yangu itakayobaki?" aliuliza. "Shusha macho, mwanangu."

Herufi akakataa. Mama akanuna siku tatu, akamwita mchoyo. Tangu hapo, kila Herufi akiitoa karatasi anakuta vijiduara viwili hafifu vya penseli kwenye ule mstari wa kulala, nusu kwa nusu. Anavifuta. Vinarudi. Amemuuliza mama, mama anasema yeye hata penseli hajui kuishika. Herufi anamwamini, na hamwamini, na kati ya hayo mawili hapati usingizi. Hangoji tena Jumamosi. Anamsuka kila siku ili akione kisogo. Alinionyesha karatasi yenyewe siku ile ya brashi. Vijiduara nimeviona kwa macho yangu, na kimoja kilikuwa na nukta nyeupe. Akakifuta mbele yangu hadi karatasi ikatoboka.

Hiyo ilikuwa juzi. Leo asubuhi nilipita uani kwao kufuata ndoo yangu. Mama alikuwa anaanika nguo, ameelekea ukutani, mikono yote miwili kwenye kamba. Nilipita nyuma yake nikamwamkia.

Aliitikia marahaba bila kugeuka. Hakuwa na haja ya kugeuka.

Sijamwambia Herufi. Sasa hivi namsikia ng'ambo ya ukuta anaburuta kigoda, anamwita mama yake aje asukwe, na anauliza kitana kimewekwa wapi.