Mita Tano za Papa Siméon

Kila siku saa nane, masomo yakiisha, Orpa alipangusa vumbi jekundu la Butembo kwenye meza ya maabara, kisha akaandika namba iliyopimwa siku hiyo. Mezani palikuwa na vibao viwili vyeusi vya kupimia, vilivyopandana, vilivyoazimwa chuoni ili wanafunzi wavijaribu. Kichembe kidogo kutoka angani kikipenya bati na kupita katika vibao vyote, kila kibao kilipaswa kutaja wakati uleule. Wapi! Kibao cha chini kilichelewa daima kwa nanosekunde ishirini na tano. Na nanosekunde ni sekunde moja iliyokatwa vipande bilioni!

"Andika zéro," mwenzake Gracien alimwambia. "Kesho Monsieur Vagheni wa chuo anatoka Beni kuchukua matokeo. Akiona hiyo namba, mashini zinaenda shule ingine."

"Mimi siandike uongo."

"Donc tupoteze mashini juu ya kitu hata jicho haiwezi kuona?"

"Ndiyo! Hata tukipoteza!"

Wenzake wote walimzomea. Orpa aliumia sana, lakini alishupaza shingo.

Kesho yake mgeni alipofika, Orpa alisimama bila kuitwa, akaandika 25 kubwa ubaoni. "Monsieur, hizi vibao hazipatane," alisema. "Mais kosa haibadilike hata siku moja. Iko na pahali inakaa. Naomba nibadilishe nyaya."

Alichomeka waya wa kibao cha chini kwenye kile cha juu, na wa juu kwenye cha chini. Lo! Sasa kibao cha juu ndicho kilichochelewa: kosa lilikuwa limeufuata waya. Orpa akapiga magoti, akaufuata waya ule chini ya meza, akaibuka na bonge la waya lililofungwa kwa raba.

Papa Siméon, fundi umeme wa shule aliyefunga nyaya zile, alikuna kichwa. "Eh, mita tano zilibakia. Waya muzima, mutu anakata?"

Monsieur Vagheni aliangua kicheko. "Kila mita inakula nanosekunde tano, Papa. Vibao ni vizima. Vinabaki hapa."

Papa Siméon alikimbia kuleta mita tano nyingine za kurefusha waya wa pili, ili ule wa kwanza usikatwe. Wakapima upya. Sifuri!

Madame Joyeuse, mwalimu wao, alimpa Gracien chaki. "Sasa andika zéro yako." Gracien aliandika, macho chini.

"Njia ya mwongo ni fupi, batoto," Madame alisema. "Tungeandika hiyo zéro jana, kosa lingelala chini ya meza, na sisi tungelipigia makofi."